Mama Yako Anaendeleaje Huko?

11 Januari

Mwanangu Swali,

Kabla hujauliza: mimi sijambo, mguu haujambo, na kaka yako hajambo, ila lori lake ndilo limelazwa gereji. Shangazi yako anakusalimu kwa sauti yake ile ile, hata mimi niliisikia. Kama bado unashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati dunia nzima inabonyeza simu, jibu halijabadilika. Sikio la kulia limestaafu, la kushoto linafanya kazi nusu siku, na mara ya mwisho tulipoongea uliniambia umechoka, nikakupa hongera. Barua naisoma kwa wakati wangu, tena naweza kuirudia.

Kazi ipo. Vijana wa siku hizi wanataka vichwa vichorwe kama ramani, na mimi macho yangu ni ya kunyoa, si ya kuchora. Wanaotaka mistari nawaelekeza kwa jirani. Mimi nimebaki na wazee wenzangu, ambao nywele zao zinahitaji kutafutwa kwanza ndipo zinyolewe.

Kile kiti cha mama yako, cha pale dirishani alipokuwa anakaa kunisimanga mbele ya wateja, hakijakaliwa na mtu. Mteja mgeni akikisogelea namwambia kimevunjika mguu. Shangazi yako amekuja tena kuhusu nguo zilizomo kabatini. Anasema mwaka na ushee umepita, nondo wanazila na wapo watu hawana cha kuvaa. Nikamwambia, "Dada, mtu ambaye bado anakula na kukua, nguo zake zitagawiwaje?" Akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mama yako anaendeleaje huko? Barua iliyopita ulisema amejaza chupa yake ukamhamishia kubwa zaidi. Nieleze tena kazi hiyo, taratibu, kama unavyomweleza mtu mwenye sikio moja. Na nijibu hili bila kulikwepa: hiyo dawa mnayoijaribu, kama ingekuwapo wakati ule, ingemponya?

Ni mimi baba yako,
Kinyozi

2 Februari

Shikamoo Baba,

Nimefurahi kusikia mguu umetulia. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili, na nimeuzoea ukuta ule mpaka nyufa zake nazijua. Baridi imepungua. Kaka amenitumia picha ya lori likiwa limefunguliwa boneti. Mwambie nampa pole, yeye na mgonjwa wake.

Mama hajambo. Nimemlisha jana.

Nitaeleza taratibu. Kile kipande cha uvimbe walichomtoa siku ya operesheni, ambacho yeye mwenyewe aliweka sahihi niletewe, ni seli nyingi zilizoshikana. Tuliziachanisha, tukaziweka kwenye chupa bapa ya plastiki, na chupa inakaa ndani ya kabati lenye joto sawa na la mwili wa mtu. Chakula chake ni maji yenye rangi ya waridi. Yakigeuka manjano najua ameshakula, namwaga, nampa mengine. Mwanzoni alikuwa mzito. Wiki inapita haongezeki, nikadhani nampoteza. Kisha akachangamka ghafla, na tangu hapo hashikiki, kila baada ya siku chache lazima nimpunguze.

Kazi yangu yenyewe ni hii. Seli haijigawanyii tu, hungoja kuambiwa. Juu yake ina vipokezi, ambavyo ni kama kengele za mlangoni. Ujumbe ukifika, kengele inabonyezwa. Ndani protini moja inaiamsha ya pili, ya pili inaiamsha ya tatu, mpaka habari inafika katikati kwamba sasa igawanyike. Kengele ikiachiwa, kimya kinarudi. Kwenye uvimbe, kengele imekwama. Mlangoni hakuna mtu, lakini waliomo ndani wanaisikia inalia, basi wanagawanyika bila kupumzika. Mimi natafuta ni waya upi umekwama, na dawa tunayoijaribu inaukata waya huo. Kwa seli za mama inaukata vizuri kuliko nilivyowahi kuona. Tumeandika makala, na jarida limekubali kuichapisha. Wamebakiza vipimo viwili vitatu vya kukamilisha taratibu.

Kuhusu swali lako, chupa si mtu, Baba, na hilo ulishike. Lakini kwa ninayoyaona kwenye chupa, ndiyo. Ingemsaidia. Nimeandika sentensi hiyo nikaikata, nikaiandika tena, kwa sababu uliniambia nisiikwepe.

Binti yako,
Swali

20 Februari

Mwanangu Swali,

Marahaba. Lori limepona, limetoka gereji na deni. Shangazi yako ana mafua lakini sauti haijaguswa.

Barua yako niliwasomea wateja. Mwalimu mstaafu, yule mwenye kipara anayekuja kunyolewa heshima tu, amesema hajawahi kuelezwa saratani akaielewa hivyo, na ameniomba nakala. Nikamwambia hii ni barua ya familia, asubiri jarida.

Ila kuna jambo limenichekesha. Unasema mama yako amechangamka, hashikiki. Mama yako na mbio, wapi na wapi? Mwanamke aliyekuwa akiambiwa gari linaondoka anarudi ndani kufunga madirisha! Siku ya harusi yetu nilisimama mpaka jasho likakauka, watu wakaanza kunipa pole. Miaka yote nilimwambia aharakishe, akanijibu haraka haina baraka. Leo amefika kwako ndiyo anakimbia. Mwambie nimemnunia.

Kwamba dawa ingemsaidia, nimekaa na neno hilo. Sikulaumu, nililiomba mwenyewe. Lakini sasa silali vizuri. Nakumbuka alivyosema ana uchovu tu, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Ningemburuta hospitali mapema, pengine angefika mpaka siku ya dawa yenu. Hilo halimpi mtu usingizi.

Kwa hiyo nimeamua. Mwezi wa nne nitafunga kibanda kwa siku chache nije. Kaka yako atanibeba mpaka nusu ya njia, kilichobaki nitapanda basi. Nataka unikalishe kwenye hiyo hadubini yako nimwone kabla macho nayo hayajaomba kustaafu. Nilikuwa natafuta cha kumletea, nikachukua ile shali yake ya kijani, nikaikunja, ndipo nikakumbuka hana mabega. Nimeirudisha kabatini.

Baba yako

9 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini nyote hamjambo na shangazi amepona mafua. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kazi zimekuwa nyingi.

Naomba usije kwanza. Maabara inafanyiwa ukarabati, wanapaka rangi, na wageni hawaruhusiwi. Nitakuandikia mambo yakitulia.

Makala imeahirishwa kidogo. Ni kawaida.

Msalimie kaka. Mwambie asiendeshe akiwa na usingizi.

Swali

28 Aprili

Mwanangu,

Tuko wazima. Shangazi yako amepona, kaka yako yuko safarini.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, kwa sababu ni fupi. Namtafuta mama yako ndani yake, simwoni. Hujasema amelala, hujasema amekula, hujasema lolote. Tangu umeanza kumlea huko hujawahi kuniandikia barua asiyemo. Na rangi gani hiyo ya kupaka ukuta inayomzuia mzee mmoja kutazama chupa? Ningesimama mlangoni.

Nilikuwa nimeshanunua viatu vya safari. Nimevivaa kibandani leo ili visijione vimedharauliwa.

Ngoja nikukumbushe kitu. Unajua yale maandishi niliyoandika ukutani juu ya kioo, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji". Nywele za mama yako zilipoanza kudondoka kwa yale matibabu, alikuja mwenyewe kibandani, akakaa kwenye kiti cha wateja, si chake, akasema, "Fanya kazi yako." Nikamnyoa. Nikamkwaruza kidogo juu ya sikio. Nilipomaliza alinyanyuka, akasoma pale ukutani kwa sauti, akachukua mashine mkononi mwangu, akaniambia, "Haya, zako ziko wapi?" Akaninyoa na mimi, vibaya sana, kichwa kikabaki mabaka. Tukarudi nyumbani vipara viwili na watu wanatutazama. Nakwambia haya ujue kwamba baba yako si wa kufichwa maji ya moto. Nilishayaona.

Mama yako anaendeleaje huko?

Baba

30 Mei

Swali,

Mwezi umepita. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo wewe mtu wa maabara unaijua kuliko mimi. Kama unaumwa, sema. Kama umefukuzwa kazi, rudi, vichwa vya kunyoa vipo.

Baba

14 Juni

Shikamoo Baba,

Siumwi wala sijafukuzwa. Rangi hawakupaka. Nilikudanganya kwa sababu sikujua nianzie wapi, na hata sasa sijui, kwa hiyo nitaanza tu.

Jarida lilitaka kipimo cha vinasaba, cha kuthibitisha kwamba seli ni za mtu tuliyesema ni zake. Kila maabara inadaiwa hivyo. Tulikuwa na damu ya mama iliyohifadhiwa, nikapeleka vyote viwili, damu na seli, na wala sikuwa na wasiwasi. Majibu yalirudi mwezi wa tatu. Si yeye, Baba. Zile seli si za mama.

Ni za mgonjwa mwingine, wa zamani sana, wa nchi ya mbali. Jina lake halijulikani tena, ana herufi na namba tu. Seli zake zinaishi kwenye maabara nyingi, na sisi tunazitumia kulinganishia. Zina nguvu na mbio. Tone moja likiingia kwenye chupa ya mwenzake, zinaota kama magugu, zinamaliza chakula, na mwenyeji anakufa njaa ndani ya nyumba yake. Ndiyo maana sheria tunayofundishwa siku ya kwanza ni kwamba chupa za watu wawili hazifunguliwi pamoja. Ule mchangamko uliokuchekesha ndio ulikuwa dalili. Wewe ulishangaa, mimi nilifurahi.

Nilitaka kujua ilitokea lini. Huwa tunagandisha kichupa kidogo kila baada ya muda, tunakitia kwenye pipa la baridi kali. Nikavipima vyote, nikikwangua chembe ya barafu bila kuyeyusha, kuanzia cha karibuni kurudi nyuma. Si yeye, si yeye, si yeye. Kile cha kwanza kabisa, nilichogandisha siku kipande kilipoletwa, ndicho yeye. Kinachofuata hapo tayari kina watu wawili. Kati ya hivyo viwili kuna siku moja tu niliyofanya kazi na chupa mbili mbele yangu.

Ni siku ya maziko. Kaka alishika simu pale kaburini ili nisikie. Niliiweka pembeni, sauti imefunguliwa, mikono yangu ikiwa ndani ya kabati la hewa safi tunamofungulia chupa. Mwenzangu mmoja alikuwa ameniomba nimlishie chupa yake ya zile seli za kulinganishia, na sikutaka kumkatalia nikaeleza kwa nini. Nilisikia watu wanaimba. Kisha nikasikia udongo unaanza kudondoka, na hapo sikumbuki pipeti yangu, ule mrija wa kunyonyea, ilitoka chupa gani ikaingia ipi.

Sikuja kumzika kwa sababu seli zilikuwa changa, zingekufa bila mimi. Nilijiambia nyinyi mnazika kilichokufa, mimi nalea kilicho hai. Niliiamini sana kauli hiyo. Na wewe hukunilaumu, ukaanza kuniuliza anaendeleaje, nami nikawa najibu hajambo, amekula, amekua. Yule niliyekuwa nakuletea salamu zake hakuwa mama.

Makala nimeiondoa. Mkuu wa maabara hakunifokea, aliniambia nikanywe chai, na hiyo iliniumiza zaidi. Lile jibu nililokupa, kwamba dawa ingemsaidia, lifute. Sijui. Hakuna anayejua.

Kimebaki kile kichupa kimoja, kina urefu wa kidole. Nikikiacha kwenye baridi kitakaa miaka mingi, hakifi wala hakiishi. Nikikiyeyusha, ni mara moja tu. Zikishika, tutakuwa naye kweli, na nitaweza kuijaribu dawa nijue ukweli wake. Zisiposhika hatutakuwa na kitu tena, na seli zilizogandishwa zikiwa changa hivi, mara nyingi hazishiki. Mkuu amesema uamuzi ni wa familia. Mimi nilishaamua peke yangu mara moja, Baba, na umeona. Safari hii niambie wewe.

Binti yako

19 Agosti

Mwanangu Swali,

Hatujambo sote. Nimekaa na barua yako tangu ilipofika, na kama kimya changu kimekutesa, nisamehe, sikukusudia. Au nilikusudia kidogo.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Nikasema, nilijua! Mama yako hakimbii! Nikatamani awepo nimwambie. Kisha nikasoma tena mpaka pale penye simu, na nikakasirika, nikakasirika kwa wiki nyingi. Shangazi yako akiniuliza namwambia ni mguu. Wateja wamenyolewa kimya kimya, mwalimu mstaafu akafikiri sikio la pili nalo limekwenda.

Sasa nilitoe. Hukuja kumzika mama yako. Sikulisema siku ile, na sijalisema mpaka leo. Watu waliuliza, "Binti yuko wapi?" nikawajibu yuko na mama yake. Waliniona nimechanganyikiwa, mimi najiona nimejibu vizuri. Kila nilipokuandikia "mama yako anaendeleaje", nilikuwa naruka juu ya swali lile lingine kama mtu anayeruka dimbwi, kila siku pale pale. Umelitaja wewe kwanza, na ninakushukuru, kwa sababu mimi nisingeliweza.

Siku nyingine nilipita nyuma ya kibanda nikajiuliza, mimi mwenyewe nilikuwa wapi siku ile? Nilisimama kaburini mkavu. Sikutoa hata chozi. Walisema nina moyo wa jiwe au wa imani, kila mtu kwa mtazamo wake. Kumbe nilikuwa nawaza, si amebaki kwa Swali? Kwa hiyo tulikuwa wawili tusiomzika, ila mimi nilikuwa karibu zaidi na shimo.

Kuhusu kichupa. Unakumbuka vile vikombe vyenye mstari wa dhahabu tulivyopewa harusini? Mimi nilivifungia kabatini na kufuli, vya wageni. Wageni wakaja wakaondoka, nikaona hakuna aliyestahili. Siku moja narudi nakuta mama yako amevunja kufuli kwa kisu cha jikoni, yuko kwenye ngazi na yule mama muuza mkaa, wanavinywea chai. Nikafoka. Akasema, "Ulitaka nivinywee lini, nikishakufa?" Kimebaki kimoja, hakina mkono, ndicho ninacholoweshea brashi ya kunyolea.

Na ile asubuhi ya operesheni, akiweka sahihi kwenye karatasi yako, daktari alimuuliza kama ameelewa. Akajibu, "Mchukueni, sikumwalika mimi. Ila mwambieni Swali amtumie kazini. Asije akamweka kama vikombe vya baba yake." Sikukuambia maneno hayo. Yalikuwa yananisema mimi, nikayabana.

Fungua, mwanangu. Usingoje nibadili mawazo, maana nitabadili.

Na huyo mwingine tuliyekuwa tunamsalimia bila kumjua, sina kinyongo naye. Naye alikuwa wa mtu. Pengine na yeye ana mume aliyesimama mahali akidhani amemzika wote.

Baba yako

7 Septemba

Shikamoo Baba,

Nilikifungua Jumatatu asubuhi. Niliwaomba wenzangu waniachie chumba. Juu ya meza sikuweka kitu kingine chochote.

Barafu iliyeyuka mkononi mwangu haraka kuliko nilivyotaka. Nilizimimina seli kwenye sahani ndogo, nikazipa chakula, nikazifunga kwenye kabati la joto. Seli hai zinatakiwa zishuke chini, zishike sakafu ya sahani, zijinyooshe. Kesho yake nilitazama kwenye hadubini. Nyingi zilikuwa zinaelea, duara, zimekwisha. Lakini kwenye kona moja chache zilikuwa zimeshika. Zilikuwa pana na tulivu, hazikufanana kabisa na zile zenye mbio. Nilikaa nazo asubuhi nzima. Baba, hazikuwa na haraka na mtu. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Siku ya tatu zilianza kuachia moja moja. Nikajua hazitafika mwisho wa wiki. Nilikuwa na njia mbili, kuendelea kuzilisha nikizitazama zikiondoka, au kuzitumia wakati bado zipo. Nikakumbuka vikombe. Nilizipaka rangi inayowaka pale ujumbe unapopita ndani ya seli, moja ya kijani kwa ule waya ambao dawa yetu inaukata, nyingine nyekundu kwa njia ya pili. Ukishazipaka hivyo, zimekufa. Nilijua hilo wakati naweka rangi.

Kijani hakikuwaka hata kidogo. Nyekundu iliwaka kila mahali. Uvimbe wa mama haukuwa unaupitia waya wetu, ulikuwa unapita njia nyingine kabisa. Seli ni chache mno kwa makala, mkuu amesema hivyo na ni kweli. Lakini kwako wewe na mimi zinatosha. Ile dawa isingemsaidia. Ungemburuta mapema, ungemchelewesha, ungefanya lolote, isingemsaidia yeye. Kumpeleka mapema kungeweza kuwapa madaktari nafasi nyingine, hilo siwezi kukuambia hapana. Ila hakukuwa na dawa yetu inayomngoja mbele ya barabara. Lala, Baba.

Sahani tumeitupa kama taratibu zinavyotaka, vyote huchomwa. Niliomba niipeleke mwenyewe mpaka kwenye tanuri. Hakuna kilichobaki kwenye kabati wala kwenye pipa.

Sijui nitaandika nini kwenye barua zijazo. Nilizoea kuanza na yeye.

Swali

21 Septemba

Mwanangu Swali,

Barua yako ilinikuta nina mteja nusu kichwa. Nilimwomba anisubiri, nikaenda nyuma ya pazia kuisoma. Nililia, Swali. Nililia kwa sauti, na kwa masikio yangu haya sikujua ni kubwa kiasi gani. Mteja alifikiri nimejikata kwa wembe, akaingia na taulo. Nikamwambia nimefiwa na mke wangu. Akasema, "Pole sana, mzee, lini?" Nikamwambia leo.

Akanipeleka nje nikakaa kivulini. Tuliporudi ndani tulimkuta mwalimu mstaafu amekuja na kipara chake, amekaa kwenye kile kiti cha dirishani, anasoma gazeti. Nilisimama. Yeye akaruka kama aliyekalia moto, akasema, "Samahani, nilisahau kimevunjika." Nikamwambia kaa tu, mwalimu, kimepona.

Jioni nilimwita shangazi yako. Tulifungua kabati pamoja. Alikunja kila nguo bila kusema neno, na wewe unajua yeye kukaa bila neno ni mzigo gani. Amezibeba zote ila shali ya kijani. Hiyo nimeitundika kwenye msumari karibu na kitanda chako cha zamani, kwa sababu wewe una mabega.

Usiku ule nililala. Nimeota nimechelewa mahali, na sikukimbia.

Kaka yako yuko tayari kukupokea siku yoyote utakayosema. Kaburi limeota majani, tumeyaacha makusudi, ili uje tuyang'oe wote. Usilete dawa, wala zawadi, wala maelezo, hayo umeshayaandika vya kutosha. Njoo mikono mitupu. Wewe hukuwapo, na mimi nilikuwapo sikuwapo.

Njoo tumzike.

Baba yako